Ila ya Pazia: Kuvuja kwa Nuru na Uadilifu wa Shahidi

Swali la kama shahidi mwenye dosari anaweza kusema kweli ni la kale kuliko kamera, lakini kamera ya filamu hulizusha upya, kwa kuwa dosari yake huchorwa juu ya ushahidi wenyewe. Nuru inapopenya ndani ya kamera nje ya njia na muda iliyopangiwa, huacha doa, mstari au ukungu juu ya picha, na anayeitazama hubaki akijiuliza aiamini au aitupe. Katika mtaa wa Mbugangari mjini Gisenyi, ambako watu huvuka kwa miguu kwenda na kurudi Goma kupitia mpaka uitwao Petite Barrière, swali hili lina uzito usioishia kwa wapenzi wa vyombo vya zamani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliziacha familia nyingi za Rwanda na picha chache mno za waliouawa, pengine moja tu, na Kumbukumbu ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, ina chumba ambamo picha za namna hiyo, zilizotolewa na jamaa, zimetundikwa safu kwa safu. Picha ikiwa moja tu, dosari yake haiwezi kupuuzwa, na wala haiwezi kuwa sababu ya kuitupa.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa, nalo ni ila. Asili yake ni Kiarabu, na katika elimu ya hadithi, yaani elimu ya kupima masimulizi yaliyopokewa kutoka kwa Mtume, ila ni kasoro iliyojificha ndani ya habari ambayo kwa nje inaonekana timamu. Wanazuoni kama ad-Daraqutni, aliyefariki mwaka 995, waliitungia vitabu vizima, na njia waliyoishika ni kuzikusanya njia zote za habari moja na kuzilinganisha, kwa sababu kosa la msimulizi halionekani katika simulizi moja lililosimama peke yake. Wanazuoni hao walimtaka msimulizi awe na sifa mbili: uadilifu, maana yake unyofu wa dini na tabia, na udhibiti, maana yake uwezo wa kuishika habari na kuifikisha bila kuichanganya. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kabisa na bado akakosa udhibiti. Hasemi uongo, lakini husahau na kuchanganya. Kamera ni shahidi wa aina ya pekee, kwa kuwa uadilifu wala uovu havimhusu, na linaloweza kuulizwa juu yake ni udhibiti tu.

Udhibiti wa kamera umo katika giza lake. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alichunguza jinsi nuru inavyopita kwenye kitundu na kuingia chumba cha giza, na kamera ni chumba hicho kilichofupishwa hadi kutosha mkononi. Kinacholinda giza hilo huitwa shata, yaani kilango kinachofunguka kwa muda mfupi na kufunga tena. Katika kamera nyingi za zamani za filamu ya milimita 35, kama Leica zilizoanza kuuzwa mwaka 1925, shata hiyo ni jozi ya mapazia ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayokimbia mbele ya filamu: la kwanza hufungua njia, la pili hulifuata na kuifunga. Mpira ukikauka kwa umri hupasuka, na kamera isiyo na kioo cha kukinga pazia ikiachwa lenzi yake ikielekea jua, lenzi hukusanya miale na kuchoma kitambaa hadi kikatoboka. Kitundu, ambacho kwa Ibn al-Haytham kilikuwa mlango wa elimu, hapa ni maradhi, ingawa nuru ni ile ile. Ubaya, kwa maana hiyo, haumo katika nuru wala katika tundu. Umo katika kuja mahali na wakati visivyopangwa, jambo ambalo wanafalsafa wa dini waliokataa kuufanya uovu kuwa kitu chenye nafsi yake wangelitambua mara moja.

Utambuzi wa ila hiyo hufuata kanuni ya wanazuoni, kwa kuwa picha moja haitoshi na fundi hana budi kuutandaza mkanda mzima wa negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo mwanga wake umegeuka kuwa weusi. Alama ikivuka mpaka wa picha na kufika kwenye matundu ya pembeni, nuru imepita kwenye mlango wa nyuma, ambao sponji zake za kuzibia huoza na kuwa kama lami. Katika filamu ya rangi alama hiyo mara nyingi huwa nyekundu au ya chungwa, kwa sababu nuru itokayo nyuma hugusa kwanza tabaka linalohisi wekundu. Alama ikikoma pale picha inapokoma, na ikarudi mahali pale pale katika picha nyingine, mshukiwa ni pazia, na picha iliyokaa muda mrefu zaidi mbele ya lenzi ndiyo huumia zaidi. Ukingo mmoja ukiwa na utepe uliopata nuru mno, huenda pazia limefika mwisho wa mbio zake likaruka nyuma kidogo.

Fundi huthibitisha kwa kutoa lenzi, kufungua mlango wa nyuma katika chumba cha giza na kumulika tochi kutoka mbele, kwanza shata ikiwa imefyatuliwa, kisha ikiwa imevutwa. Hapo ndipo jambo hili dogo la ufundi linapopata kina kisichotarajiwa. Shata ikiwa imevutwa, pazia la kwanza ndilo linaloilinda filamu, na kitundu chake huharibu picha ambayo bado haijapigwa. Shata ikiwa imefyatuliwa, pazia la pili ndilo lililosimama, na kitundu chake huchafua picha iliyokwisha kupigwa. Zipo, kwa hiyo, ila mbili tofauti, moja ya kungoja na nyingine ya kukumbuka, na binadamu anayetoa ushahidi wa mambo mazito anazijua zote mbili: huenda aliona kilichotangulia kupandwa akilini mwake, au aliona sawasawa kisha kumbukumbu ikaingiliwa baadaye.

Tiba yenyewe haina mengi. Vitundu vidogo huzibwa kwa rangi nyeusi ya mpira inayopinda bila kupasuka, ikipakwa nyembamba sana ili pazia lisiwe zito na kupoteza mwendo. Kitambaa kilichochakaa hubadilishwa. Sponji zilizooza hukwanguliwa, mahali pake husafishwa kwa spiriti na kuwekwa mpya.

Lakini tiba ya chombo haiwezi kurudi nyuma kuiponya picha, na hapa ndipo uadilifu, ambao kamera haina, humwangukia mtu. Kompyuta inaweza leo kulifuta doa na kulijaza kwa shavu au ukuta uliokisiwa, na matokeo yakapendeza. Hata hivyo kilichojazwa hakikuonwa na lenzi, na anayekikabidhi kama picha ile ile ameongeza maneno katika kauli ya shahidi. Nakala iliyosafishwa kwa ajili ya ukutani haina lawama, mradi ijulikane kuwa ni nakala. Asili haipaswi kuguswa.

Gisenyi yenyewe ina mfano wa ushahidi uliopokewa kutoka kwenye chombo duni. Kituo cha yatima cha Imbabazi, kilichoanzishwa mwishoni mwa 1994 na Rosamond Carr, Mmarekani aliyeishi Rwanda kwa miongo mingi, kilihamia mjini humo kwa miaka kadhaa kwa sababu ya usalama, na mwaka 2000 mpiga picha David Jiranek aliwapa watoto wa kituo hicho kamera za kutumiwa mara moja. Kamera za aina hiyo zina lenzi ya plastiki na shata ya bati moja linalosukumwa na springi. Udhibiti wake ni mdogo, lakini picha hizo zilionyeshwa Kigali na ng'ambo, na thamani yake haikutokana na ukamilifu wa mashine.

Picha za familia nazo ni ushahidi wa namna hiyo, lakini studio nyingi zilizoea kuchapa eneo la picha peke yake, na kwa hiyo kingo za negativu, ambazo ndizo zinazoeleza nuru iliingilia wapi, hazionekani katika picha iliyowekwa kwenye albamu. Familia za Mbugangari, za Goma na za kwingineko zenye mikanda ya zamani iliyoingia madoa zinaombwa zisiitupe wala kuikata zaidi, bali ziihifadhi mahali pakavu na penye giza, pamoja na kingo zake zote.