Tunatamba kwa haki tunayoizuia



Tarehe 19 na 20 Julai 1848, katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, Marekani, ulifanyika mkutano wa kudai haki za wanawake. Zilikuwa zama za mageuzi. Waandaaji wake wawili, Lucretia Mott na Elizabeth Cady Stanton, walifahamiana London mwaka 1840 kwenye mkutano wa kupinga utumwa, ambako wajumbe wanawake walikataliwa kushiriki. Ajabu iliyoje! Watu 100 walitia saini tamko la Seneca Falls, wanaume wakiwa 32. Wengi hukumbuka dai la kura, lililoingia katika Katiba yao mwaka 1920. Lakini walilalamikia pia mali: katika majimbo mengi, mwanamke akishaolewa, mali yake na hata ujira wake vilikuwa vya mumewe.

Hapo ndipo sisi walimu hupenda kutamba. Tunasema Uislamu ulimpa mwanamke mirathi karne nyingi kabla, tunataja Suratun Nisaa aya ya 7, na watu wanaitikia takbira. Ni kweli tupu. Lakini dada zetu wamekipata?

Baada ya vita vya Uhud, mjane wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume (s.a.w.) na binti zake wawili. Ami yao alikuwa amechukua mali yote. Aya ya mirathi iliposhuka, Mtume (s.a.w.) alimwamuru ami yule awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, kinachobaki kiwe chake.

Ami yule alichukua kabla aya haijashuka. Sisi tunaisoma kila Ramadhani! Mzee akifariki, kaka wanakaa kikao chao, wanasema nyumba ni ya ukoo, dada ana mume wa kumtunza. Akiuliza fungu lake, anaambiwa anavunja undugu, au kaharibiwa na mambo ya Beijing. Beijing ya wapi? Anadai Suratun Nisaa! Na aya ya 14 ya sura hiyohiyo, mara tu baada ya mafungu kutajwa, inamuonya kwa Moto mwenye kuvuka mipaka hiyo.

Basi msiba ukimalizika, madeni na wasia vikishatekelezwa, aitwe sheikh anayeijua mirathi. Na siku ya kikao dada awepo, asikie fungu lake likitajwa mbele ya kaka zake.