Nani Analipa Nauli?

Somo: 2 Wafalme 4:1-7, Matendo 16:16-40

Mnajua mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa madhabahuni, kwa hiyo mnivumilie leo nikisoma Neno na kalamu ya hesabu mkononi.

Katika Matendo 16, kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi anawekwa huru. Wale mabwana wake hawafurahi, wala hawamwulizi anaendeleaje. Mstari wa 19 unaonyesha kilichowauma: waliona mapato yamekatika. Na tazama vizuri, alikuwa na mabwana, si bwana mmoja. Msichana mmoja, wenye hisa kadhaa. Ile ilikuwa kampuni.

Usafirishaji haramu wa binadamu ni biashara mpaka leo. Una mtaji, una mawakala, una kamisheni. Sisi tumezoea kudhani mtu hutekwa kwa kuvutwa ndani ya gari usiku. Hapa Migori na Homa Bay gari hilo ni nadra. Anayekuja ni shangazi. Ni rafiki mliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anaweka picha za Dubai kwenye WhatsApp. Anaweza kuwa mtu anayekaa safu ya tatu hapa na kusema haleluya kwa sauti kukuliko. Yusufu, Waishmaeli walimnunua tu; waliomtoa kwa vipande 20 vya fedha walikuwa ndugu zake wa baba mmoja.

Sasa njoo kwa yule mjane. Mumewe alikuwa wa wana wa manabii, mtu wa kanisa kabisa, na alikufa na deni. Mwenye kudai hakuja kuchukua mbuzi. Alikuja kuchukua vijana wawili wawe watumwa. Utumwa uliingia nyumba ya mcha Mungu kupitia mlango wa deni, na mlango huo haujabadilishwa kufuli.

Ajenti anakuambia: tiketi bure, viza bure, paspoti nitakushughulikia, wewe njoo na nguo zako tu. Mpendwa, nauli ya bure haipo. Kuna mwajiri halali anayelipa, na hiyo huandikwa kwenye mkataba unaousoma kabla ya kuondoka. Kama haikuandikwa, nauli ni deni lako, isipokuwa hujaambiwa kiasi. Utaambiwa ukishafika, paspoti ikiwa kabatini kwa mtu mwingine: nimekununua, huondoki mpaka pesa yangu irudi. Katika nchi za Ghuba kwa miaka mingi mfumo wa kafala umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, hata kuhama kazi bila ruhusa yake ilikuwa kosa. Mwaka 2021 Wizara yetu ya Mambo ya Nje iliripoti vifo vya Wakenya 89 huko Saudi Arabia ndani ya takribani miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Hao walikuwa mabinti wa watu. Na wenye digrii msijione mmepona: mwaka 2022 Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand walijikuta Myanmar, wamefungiwa ndani, wanalazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta.

Si kila anayekwenda ng'ambo anaangamia. Wako waliojenga nyumba na kusomesha wadogo zao, na tunamshukuru Mungu. Ninachopinga ni safari isiyo na maswali. Mama akienda Mbita kununua omena huwezi kumdanganya kwa gorogoro. Ataitikisa, ataangalia kama chini imebonyezwa. Mama huyohuyo anamkabidhi bintiye kwa mtu ambaye anamjua kwa jina la WhatsApp pekee. Uliza kampuni inaitwaje. Uliza kama imesajiliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala walioruhusiwa, na kijana wa saiba anaweza kukufungulia. Baki na nakala ya paspoti na ya mkataba hapa nyumbani.

Sasa naomba mtu asinirushie kiatu. Utumwa hauhitaji ndege. Kwenye machimbo ya dhahabu kule Macalder watoto wameonekana wakishika zebaki kwa mikono. Kando ya ziwa kuna wavulana wanaovua omena usiku kucha kwenye mtumbwi wa mtu baki, asubuhi wanalala darasani, wale wanaofika darasani. Sisemi mtoto anayemsaidia mamake kuanika omena ni mtumwa. Nasema uliza pesa inaenda kwa nani.

Na yule binti wa miaka 14 uliyemtoa ushago kwa ahadi ya shule? Shule hajaiona. Mshahara, kama upo, unatumwa kwa mjomba. Simu umemshikia wewe. Hata kanisani haji, kwa sababu nani atabaki na mtoto? Hapo mwenye hisa ni nani, ajenti wa Nairobi au mshirika wa hapa? Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na mtoto hawezi kusemwa kwamba alikubali mwenyewe. Torati, Kumbukumbu 24:7, ilikuwa kali zaidi: aliyemwiba ndugu yake na kumuuza alistahili kufa.

Narudi Filipi, kuna jambo linanisumbua. Paulo na Sila walipigwa, wakafungwa, wakafunguliwa, wakaenda kwa Lidia wakawaona ndugu. Yule msichana hatajwi tena. Maandiko hayatuambii alilala wapi usiku ule. Hakuwa na faida tena kwa mabwana zake. Nani alimfungulia mlango?

Anayerudi na masanduku manne tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda. Anayerudi na mfuko wa nailoni na jeraha la pasi mgongoni tunamnong'ona sokoni, tunasema alishindwa kuvumilia. Idara ya akina mama, nawaomba mtu kama huyo akifika msianze na maswali. Anzeni na chai, kitanda, hospitali, kisha msindikizeni polisi akiwa tayari. Ukijua mtoto anateswa au amesafirishwa, piga 116, ni bure, au mwone afisa wa watoto.

Kuanzia Jumapili ijayo, aliyepata kazi ya mbali na anataka tumwombee safari, aje ofisini kabla ya ibada ya pili. Alete mkataba, jina la ajenti na mzazi mmoja. Tutausoma ukurasa kwa ukurasa, hata ikichukua ibada nzima, halafu ndipo tutaweka mikono.