Dhamana ya Maji Machafu Baina ya Majirani

 

Ndugu zangu Waislamu, mtu asione ajabu kuwa darsa yetu ya mwezi huu ni khabari ya bomba la choo. Dini iliyotufunza adabu ya kuingia chooni haikuacha kutufunza haki ya jirani ambaye maji yetu machafu hupita kwake.

Siku za masika alinijia mama mmoja, mjane, akaaye chini katika jengo la tabaka nne, na kila tabaka ina mwenyewe. Usiku bomba la shirika liliziba, na uchafu wa nyumba zote ukapanda chooni kwake, ukaingia ukumbini mpaka chumbani. Godoro, mazulia, nguo za watoto na vitabu vyao vya chuoni vikaharibika. Akaniambia, "Sheikh, nimeoga na nimetawadha, lakini sina pa kuswali." Alikuwa amekwisha kuwapandia majirani zake. Wa kwanza alimjibu, "Kwangu hakukufurika kitu." Wa pili akasema, "Palipofurika ni kwako, basi tengeneza wewe." Wa tatu akasema, "Hii ni kadari ya Mungu, subiri." Majibu matatu haya natuyapime kwa mizani ya sharia.

Kwanza yatupasa tujue maji yenyewe yaendavyo. Mabomba ya vyoo na majiko ya tabaka zote huteremkia katika bomba moja, kisha huingia katika chemba na kwenda nje. Likiziba huko chini, kila amwagaye maji juu hulijaza, na maji hutokea katika tundu lililo chini kuliko yote, nalo ni tundu la choo cha akaaye chini. Na kinacholiziba twakijua: mafuta ya kupikia yaliyomwagwa yangali moto yakaganda yalipopoa, matambara, nepi na pamba, mizizi ya miti iliyopenya katika viungo vya mabomba, au maji ya mvua ya paani yaliyoelekezwa katika bomba lisiloweza kuyachukua. Basi aliye juu hafurikiwi hata akiwa yeye ndiye mkosa. Kukauka kwa sakafu yake si ushahidi kuwa hana hatia.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Nuuman bin Bashir (r.a.), ametupigia mfano wa watu walioshiriki jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walitaka kutoboa upande wao wapate maji, wasiwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Na jengo la shirika ni jahazi. Tafauti ni kuwa katika majengo yetu aghalabu atoboaye ni wa juu, na wa kwanza kuzama ni wa chini.

Ama hukumu, yataka tutenganishe madeni mawili: deni la kutengeneza bomba, na deni la mali iliyoharibika.

Bomba lililo ndani ya nyumba ya mtu na limtumikialo yeye peke yake, matengenezo yake ni juu yake. Bomba la shirika ni juu ya wote. Wanavyuoni wa Kihanafi walioitunga Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyokamilika mwaka 1876, wameeleza kuwa kusafisha mfereji wa maji machafu ulio shirika huanzwa upande wa chini. Kipande cha mwisho huchangiwa na wote, kwa kuwa maji ya wote hupita hapo. Kila kazi ikipanda na kumpita mtu, yeye hutoka katika mchango, na wa juu kabisa hubaki hata mwisho. Tazameni uadilifu huu! Aliye juu, ambaye leo husema hayamhusu, kwa kipimo hicho ndiye alipaye zaidi, kwani maji yake hutumia njia ndefu kuliko ya wote. Basi jibu la pili limeanguka.

Ama mali iliyoharibika, akijulikana aliyetupa nepi au tambara likaziba, dhamana ni yake. Wala hasemi "sikukusudia", kwani kukosa kwa bahati mbaya huondoa dhambi, hakuondoi haki ya mwenye mali. Ikiwa ni kamati ya jengo iliyokusanya fedha za matengenezo, ikapewa khabari kuwa bomba lazibaziba, ikanyamaza, basi imepuuza amana, na mwekewa amana akipuuza hudhamini. Na akaaye kwa kodi atazame mapatano yake: kuchakaa kwa jengo ni juu ya mwenye nyumba, na alichokiharibu mpangaji kwa mkono wake ni juu ya mpangaji.

Na ikiwa hapana aliyekosa wala aliyepuuza, ikawa ni gharika tu, hapo mali haina mdhamini. Hapa ndipo mahali pa neno kadari, baada ya kuchunguza, si kabla yake. Na hata hapo kutengeneza bomba ni juu ya wote, na kumsaidia aliyepatwa ni katika wema kwa jirani tulioamrishwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36.

Huenda msomaji akaniambia kuwa katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu cha madhehebu yetu ya Kishafi, kauli mpya ni kuwa mshirika halazimishwi kutengeneza kilicho shirika. Ni kweli. Lakini kauli kongwe ya Imamu Shafi ni kuwa hulazimishwa, ili kuondoa dhara. Tena aliyenunua nyumba kwa sharti ya kuchangia matengenezo amejifunga mwenyewe, na Waislamu hukaa juu ya masharti yao. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2020 juu ya umilikaji wa sehemu za majengo, kwa jengo lililosajiliwa kwayo, imewajibisha shirika la wenye sehemu kutunza vilivyo vya wote, na kila mmoja kuchangia.

Jueni pia kuwa shauri hili halimo katika mamlaka ya Kadhi wetu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imempa hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Basi kwa upande wa sharia hapana wa kukushika mkono ulipe ila uchaji wako. Wako watu wapaazao sauti juu ya bidaa za wenziwao, na hali chini ya miguu yao watoto wa jirani wamelala sakafuni kwa sababu ya uchafu wao. Huko nako ni kuijua dini?

Nami mjane yule nilimwambia neno lililo zito kwake. Mtu alimshauri azibe bomba makusudi ili uchafu uwapandie wa juu. Nikamkataza, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara. Nikamwambia aandike vilivyoharibika kwa thamani yake ya kweli, asizidishe hata shilingi, kisha adai mbele ya mashahidi.

Ndugu zangu, msingoje mvua. Kaeni kikao, ifunguliwe chemba isafishwe, na mafuta yawekwe katika kopo yatupwe na taka. Na aliye na deni la jirani yake na alilipe leo, kabla ya siku ambayo deni halilipwi kwa shilingi, hulipwa kwa thawabu za swala na saumu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe salama kwa jirani zetu, nao wawe salama kwetu. Amin.