Nikichoka, Je, Sikuitwa?



Mwaka wangu wa mwisho wa falsafa niliandika barua ya kuomba kuacha seminari. Sikuwa na kesi yoyote, wala sikuwa na mchumba. Nilichoka tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana kitabu kinakuwa kizito, sala ndefu, halafu simu inanionesha niliosoma nao sekondari: huyu kaajiriwa, yule kaoa. Nikajiambia, "Ningekuwa nimeitwa kweli, nisingejisikia hivi."

Wiki hiyohiyo nilikuwa namsoma Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399. Anaeleza kishawishi kiitwacho asedia, au pepo wa adhuhuri. Mchana mmonaki anaona kama jua limesimama. Anachungulia dirishani kama kuna ndugu anakuja. Anachukia chumba chake na kazi yake, anawakumbuka watu wa kwao, anawaza kwamba hata mahali pengine anaweza kumpendeza Mungu. Kumbe! Mzee huyu hakuwa na simu, ila dirisha alikuwa nalo.

Nikaitazama tena hoja yangu, nikaona ina tundu. "Sijisikii" haithibitishi "sikuitwa." Uchovu unaniambia habari zangu mimi, hauniambii Mungu anataka nini. Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba asedia ni huzuni mbele ya mema ya Kimungu. Yaani jema linaweza kuwa mbele yako kabisa, na bado ukaliona mzigo.

Sasa, ina maana hakuna anayepaswa kuondoka? Hapana. Wapo walioondoka kwa amani na leo ni baba wema wa familia. Tujiulize tu uamuzi umefanyika katika hali gani. Mt. Ignasi wa Loyola anashauri kwamba wakati wa ukiwa wa kiroho tusibadilishe maamuzi tuliyoyafanya tukiwa na utulivu.

Barua sikuichana. Nilimpelekea mlezi wangu wa kiroho. Akaniambia niitunze miezi mitatu, kisha niisome asubuhi, baada ya Misa. Nikafanya hivyo. Barua nzima haikuwa na neno hata moja kuhusu Mungu. Ilikuwa inahusu wenzangu tu.

Rafiki, pengine kwako si seminari. Ni chuo, ni kazi, ni kwaya, ni ndoa changa. Saa ya kuchoka ikifika usiamue kitu kikubwa. Weka simu mbali, maliza kazi iliyo mkononi, sali hata "Baba Yetu" moja, halafu mtafute mtu wa kuzungumza naye. Evagrius anasema pepo huyu akishindwa, hufuata amani na furaha.

Mimi bado nachoka mchana. Ila siku hizi saa hiyo siandiki barua.

Tuombeane.