Shoka Lilikuwa la Kuazima

Andiko: 2 Wafalme 6:1-7

Mwambie jirani yako: nionyeshe lilipoangukia.

Wana wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani. Mmoja akainua shoka, chuma kikachomoka, tubwi! majini. Angalieni alichomlilia Elisha. Hakusema kazi imesimama. Alisema shoka si lake, aliazima. Siku hizi sisi tunalia gari likichukuliwa, lakini deni likilala mwaka mzima tunalala nalo vizuri tu.

Kuazima si dhambi, wapendwa. Nasema hivyo kwa sababu kijana wetu mmoja alinijia ameinamisha kichwa kama mtu aliyeiba. "Pastor, nataka Probox nibebe watu Litein kwenda Kericho. Wamekataa kunikopesha. Wanasema CRB hainijui."

Kijana, kutojulikana si kuwa mbaya. Aliyekopa akakataa kulipa ana jina baya. Wewe huna jina bado. Mkopeshaji akiona ukurasa mtupu anaogopa, ndiyo anaitisha deposit kubwa, wadhamini, na logbook iandikwe majina yenu wawili mpaka umalize. Wengine hawaulizi chochote. Hao ndio wa kuogopa.

Luka 14:28 inatuambia tuketi tupige hesabu. Haya, tuketi. Tuseme umekopa shilingi 400,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo, miezi 24. Riba peke yake ni 288,000. Utarudisha 688,000, yaani karibu 28,700 kila mwezi. Ukifanya kazi siku 26, ni kama 1,100 kila siku, kabla ya mafuta, bima na tairi. Na mvua ya kwetu mnaijua. Kuna mtu atasema, "Nitamalizia na bonasi." Mlikuwa wapi Oktoba 2025? Bonasi ilishuka, na aliyekuwa ameikopea kabla haijaingia alibaki akiangalia simu.

Wazee, na nyinyi someni Mithali 6:1-5. Mama mmoja wa hapa alimsainia mpwa wake kwa Sacco bila hata kuuliza ni pesa ngapi. Mpwa akazima simu. Akiba ya mama ikakatwa, ile aliyoweka kwa kuchuna majani asubuhi na umande. Kusaini bila kuuliza si upendo. Ni kuona haya tu.

Hapa nami nitubu. Kuna ndugu alileta gari hapa nje tukalipaka mafuta, tukashangilia, akatoa sadaka ya shukrani. Sikumuuliza amelipataje. Miezi michache baadaye madalali walilichukua usiku, naye akaacha kuja kanisani kwa aibu. Tulimpigia makofi siku ya gari. Siku alipotembea kwa miguu hakuna aliyeenda kwake, hata mimi. Nimeenda juzi. Tulikunywa chai, hatukuhubiri.

Rudini kwa andiko. Elisha hakumkemea yule mtu. Aliuliza swali moja: kimeangukia wapi? Yule akaonyesha mahali. Kama angeficha, wangetupa kijiti wapi? Ndugu, bibi yako hajui deni lako. Mkopeshaji anapiga simu, unaenda kujibia nyuma ya zizi. Mwonyeshe mahali. Mpigie mkopeshaji kabla hajakupigia, mwambie mwezi huu nina kiasi hiki. Chuma kilipoelea, Elisha alimwambia akichukue mwenyewe. Muujiza ulifanyika, lakini mkono wa kunyoosha ulikuwa wake.

Kijana wetu sasa anaendesha gari la mtu kwa siku. Amejiunga na Sacco, anaweka kidogo kila mwezi, na ule mkopo mdogo wa Hustler Fund analipa kabla ya tarehe, ili ukurasa uanze kuandikwa. Wazee wawili wamesema akifika mwaka watamdhamini, wakiwa wameona karatasi zote.

Jumatano baada ya maombi, mwenye mkataba wa mkopo asiouelewa auje nao. Tuna mwalimu wa hesabu na dada anayefanya kazi Sacco. Tutasoma pamoja, mlango ukiwa umefungwa.