Mangi Ana Daftari, Wewe Je?

Jioni moja nilikuwa dukani kwa Mangi nikisubiri chenji. Mbele yangu alisimama kijana wa bodaboda, kofia yake ngumu ameibana kwapani. Alikuja kulipa deni, na alikuwa amekasirika.

"Mangi, elfu arobaini na tatu? Hapana bwana. Mimi nimekopa unga na sukari tu."

Mangi hakubishana naye. Aliinama chini ya meza akatoa daftari lake kubwa la jalada gumu, pembe zimechakaa, akatafuta ukurasa wenye jina la yule kijana, akamgeuzia.

"Soma mwenyewe, kaka."

Kijana akasoma kwa kidole. Sukari robo. Mafuta ya mia tano. Vocha ya elfu moja. Soda mbili. Mafuta ya mia tano. Dawa ya mbu. Vocha. Soda. Kila mstari na tarehe yake. Alipofika chini alinyamaza, maana hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuukana. Akanigeukia, hasira zote zimemwisha, akasema, "Mama, vyote ni vyangu. Ila sikujua kama ni vingi hivi."

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mshahara, kila ikifika tarehe 10 hujiuliza fedha imekwenda wapi, na sina ukurasa wa kuusoma kwa kidole. Matumizi yangu yameandikwa kwa watu wengine. Mangi ana daftari langu. Katibu wa kikoba ana daftari langu. Kampuni ya simu inajua kila shilingi niliyoituma na saa niliyoituma. Mwenye fedha ndiye peke yake asiye na kumbukumbu yake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuyatazame vizuri maneno hayo mawili ya mwisho. Mali ikiibwa, utapiga kelele na majirani watakuja. Ikiungua, moshi utaonekana. Hii inayopotea bila habari haina kilio wala shahidi, na ndiyo inayotumaliza wengi. Ndiyo maana nasaha yangu ya leo kuhusu kubana matumizi naianzia kwenye kalamu. Mtu asiyejua fedha yake inapita wapi, hata akijinyima vipi, atajinyima pasipostahili na kuacha palipotoboka pakiendelea kuvuja.

Nikupe mfano mmoja niliouhakikisha kwa mikono yangu. Kwa muda mrefu mafuta ya kupikia nyumbani kwangu tulinunua ya kupima, ya mia tano mia tano, kila jioni mtoto anatumwa na kikombe. Siku moja niliamua kuvikusanya vile vipimo kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita. Vilihitajika vipimo vinane kuijaza. Vipimo vinane ni shilingi 4,000, maana yake lita nzima nainunua kwa 8,000. Wakati huo, kwenye rafu ya duka lile lile, nyuma ya mgongo wa Mangi, chupa ya lita moja iliyofungwa kiwandani iliuzwa 6,000. Sisi tunatumia lita moja kwa wiki. Shilingi 2,000 kila wiki, kwa wiki 52, ni shilingi 104,000 kwa mwaka. Hiyo ni sare na viatu vya shule vya mtoto, na bado chenji inabaki.

Mangi hakuniibia. Yeye amenunua dumu, amekaa nalo, ameniuzia kidogo kidogo saa mbili usiku, na nisipokuwa na hela ananipa kwa mali kauli. Kazi hiyo ina gharama yake na ni haki yake kuilipisha. Kosa ni langu mimi niliyekuwa na uwezo wa kununua lita na sikujua kwamba nalipia uvivu wa kupanga.

Najua kuna msomaji atakayesema: mama, mimi kipato changu ni cha kila siku, nikipata elfu kumi jioni ndiyo ya chakula, nauli na kodi, hiyo 6,000 ya lita nzima naitoa wapi? Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalipuuza. Ni kweli kwamba mwenye kidogo huuziwa kwa bei kubwa kuliko mwenye kingi, na hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini mlango upo. Usijaribu kuhamisha vitu vyote kwa mara moja. Chagua kimoja tu. Tenga 500 kila siku kwa siku kumi na mbili, ununue lita yako ya kwanza. Kuanzia hapo ile fedha ya vipimo inakuwa mikononi mwako, na ile 2,000 inayobaki kila wiki uielekeze kwenye kitu cha pili: sabuni ya mche mzima, au mchele wa kilo tano. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ndiyo pishi. Hakuna aliyefika kwenye pishi bila kupita kwenye kibaba.

Umeme nao una hesabu zake ambazo wengi tunazipita. Mteja mdogo wa nyumbani aliye kwenye tarifa ya D1 ya TANESCO analipa shilingi 100 kwa kila uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Akizivuka, kila uniti inayozidi inamgharimu shilingi 350. Kwa hiyo nyumba mbili zinazofanana zinaweza kulipa viwango tofauti kabisa kwa sababu moja inapiga pasi nguo za wiki nzima kwa siku moja, na nyingine inaiwasha pasi kila asubuhi kwa shati moja. Asiyeandika tarehe anazonunua LUKU na uniti anazopata hawezi kujua yuko upande gani wa mstari huo.

Na simu zetu hizi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na imetuondolea tabu kubwa ya kutuma fedha kwa dereva wa basi ndani ya bahasha. Lakini kila unapotoa kuna makato, na anayetoa elfu tano mara nne hukatwa zaidi ya anayetoa elfu ishirini mara moja. Bandubandu humaliza gogo. Panga safari zako za kwa wakala kama unavyopanga safari za kwenda sokoni.

Sasa nije kwenye tundu ambalo daftari peke yake halizibi, kwa sababu linatobolewa na aibu. Naisema aibu kwa kuwa ndiyo inayotununulia vitu vingi vya gharama. Kadi ya mchango wa harusi inaletwa nyumbani, imeandikwa kiwango cha single na cha double. Baada yake inakuja kitchen party na kitambaa cha sare yake, kisha send-off na kitambaa kingine. Unajua wazi kuwa huna. Lakini unawaza wataniona vipi, unaingia kwenye simu unakopa, unashona, unapiga picha, na Jumatatu deni linakuamsha alfajiri. Kukopa harusi, kulipa matanga. Safari hii hata harusi yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine.

Sisemi tuache kuchangiana. Kuchangiana ni utu wetu, na siku msiba ukibisha kwako utajua thamani ya watu. Ninachosema ni hiki: mchango uwe na fungu lake, uliloliweka tangu mwanzo wa mwezi, na fungu likiisha useme ukweli. Mwenyekiti wa kamati akipiga, mwambie, "Kaka, nimefurahi sana kwa shughuli hii, uwezo wangu ni elfu ishirini, na siku yenyewe nitakuja mapema kusaidia jikoni." Sijawahi kuona urafiki wa kweli uliovunjwa na maneno kama hayo. Nimeona ndoa zilizotikiswa na madeni yaliyofichwa.

Kuhusu mikopo ya haraka, naomba nisikilizwe na vijana hasa. Mtaani tumeipa jina wenyewe: kausha damu. Jina hilo halikutoka kwa mwanauchumi, limetoka kwa mama lishe aliyechukuliwa masufuria na meko. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Kabla hujabonyeza kukubali, kaa chini uandike mambo matatu: ninapokea kiasi gani mkononi, nitarudisha kiasi gani, na nitarudisha kutoka mfuko upi. Kama mstari wa tatu unashindwa kuujaza, funga simu ulale. Njaa ya usiku mmoja ina asubuhi yake. Deni la namna hiyo linakwenda na wewe kila asubuhi.

Mahali pazuri pa kukimbilia ni kikoba cha watu mnaofahamiana. Vikundi hivi vya kuweka na kukopa vina mzizi Niger, ambako shirika la CARE lilianza mwaka 1991 na akina mama wa vijijini, na leo viko karibu kila mtaa wetu. Nakipenda kile kisanduku cha makufuli matatu, funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Wengine wanadhani makufuli yale ni ya kuzuia wezi. Mimi naona yananizuia mimi, na tamaa yangu ya Jumamosi mchana. Ila tuna kosa moja: tunavunja kikoba Desemba, tunakula sikukuu, kisha Januari inatukuta mikono mitupu. Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne imeshafutwa, lakini sare, viatu, begi na madaftari bado ni juu ya mzazi. Nunua sare Oktoba, wakati fundi hana foleni na muuzaji anatafuta mteja. Januari utampeleka mtoto shule ukiwa umetulia.

Mwisho kuna jambo la moyo, na nisipolisema nitakuwa nimefundisha nusu. Kubana matumizi na ubahili ni vitu viwili, ingawa kwa mbali vinafanana. Bahili anabana kwa ajili ya fedha. Mwenye busara anabana kwa ajili ya watu. Bahili, mtoto wake akiwaka homa, atangoja mpaka kesho kuona kama itashuka yenyewe. Mwenye busara aliinyima nafsi yake soda wiki tatu ili usiku huo awe na nauli ya kwenda zahanati. Bahili ananunua viatu vya bei ya chini mara tatu kwa mwaka. Mwenye busara ananunua jozi moja imara na anamjua fundi wa kubadili soli. Ukiona kubana kwako kunawafanya wanao wakuogope, mama yako kijijini akusahau, na maskini apite mlangoni kwako mkono mtupu kila mara, simama ujirekebishe, umevuka mpaka. Dini zetu zinakataza israfu na zinakataza uchoyo. Njia ni ile ya katikati.

Yule kijana wa bodaboda nilikutana naye tena baada ya wiki kadhaa, kituoni kwao. Alitoa mfukoni kijidaftari kidogo cha shule, kimejikunja kwa jasho, akanionyesha. Upande mmoja ameandika alichoingiza, upande wa pili alichotoa. Petroli, hesabu ya tajiri, chakula, mama Moshi. Neno soda lilikuwepo, lakini mara moja kwa wiki. Nikamuuliza deni la Mangi. Akasema, "Limebaki elfu nane, mama. Ijumaa namaliza."

Msomaji wangu, usingoje mwaka mpya wala mshahara kupanda. Leo usiku, kabla ya kulala, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa chache nyuma. Andika tarehe. Andika kila kilichotoka mkononi mwako leo, hata kile cha mia mbili, hata kile unachokionea aibu. Kesho fanya hivyo hivyo, na kesho kutwa. Baada ya siku thelathini kaa na mwenzako mlisome pamoja, bila kulaumiana. Hapo ndipo mtajua pa kubana na pa kutoa kwa moyo mkunjufu. Mangi amekuandika siku nyingi. Anza na wewe kujiandika.