Mimi ni wa Federer, Mimi ni wa Djokovic

Masomo: 1 Wakorintho 1:10–13, 3:4–9 na 21–23, Mathayo 5:23–24



Wiki mbili za Wimbledon zimetufikia tena, na sote tunajua maana yake hapa kanisani. Chai ya baada ya ibada inachelewa kwisha, vijana wanachungulia simu chini ya meza, na kwenye ile kona karibu na jiko mjadala umeshaanza. Wanaotamba sasa hivi ni Alcaraz na Sinner, lakini kona ile haina habari nao sana. Kule bado ni Federer, Nadal na Djokovic, kana kwamba Federer hakustaafu mwaka 2022 na Nadal mwaka 2024.

Tusingeandika habari za tenisi kwenye ukurasa wa Neno kama mjadala ungebaki kwenye tenisi. Mwaka huu ulianza na raketi ukaishia Goma. Wapo ndugu zetu wawili ambao Jumapili ya tatu sasa hawanywi chai meza moja, na wote wawili ni watu wa kanisa hili tangu siku za kukodi ukumbi wa shule.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, ubishi uko hivi. Federer, Mswisi, alikuwa akipiga mpira wa upande wa kushoto kwa mkono mmoja, anatembea uwanjani kana kwamba hakanyagi chini, na pointi zake nyingi ziliisha mapema. Nadal wa Hispania alishika raketi kwa mkono wa kushoto na kuuzungusha mpira kwa nguvu mpaka unaruka juu ya bega la mpinzani; kwenye udongo mwekundu wa Paris alichukua kombe mara 14. Djokovic, Mserbia, hurudisha kila kitu. Unampiga mpira wa kumaliza, unarudi. Unampiga mwingine, unarudi, mpaka wewe mwenyewe unaupeleka wavuni. Ukihesabu mataji makubwa, Federer ana 20, Nadal 22, Djokovic 24. Mtu angedhani hesabu hiyo imemaliza maneno, lakini shabiki wa Federer atakuambia yeye hahesabu vikombe, anatazama jinsi vilivyopatikana.

Sikilizeni basi maneno yanayotumika kueleza huko kupatikana. Mchezo wa Federer huitwa wa kiungwana. Wa Djokovic huitwa wa ukuta, wa mashine. Tuliokulia pwani tunajua neno mwungwana lilikotoka: alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Kwa hiyo ukisema huyu anacheza kiungwana na yule hapana, umekwisha kutoka uwanjani bila kujua. Umesema nani amezaliwa sebuleni na nani ameingilia mlango wa uani. Na mtu ambaye hapa Uingereza huingia ofisini saa nne usiku na ndoo na fagio, wenye ofisi wakiwa wamelala, neno hilo litamgusa hata kama hukumlenga yeye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu yetu wa kutoka Bukavu. Yeye ni wa Djokovic, na alipoulizwa sababu hakutaja pigo hata moja. Alisema huyu alikuwa chini ya mabomu akiwa mtoto, na mpaka leo anacheza mbele ya watu wanaomshangilia mwenzake. Ni kweli. NATO ilipoipiga Yugoslavia kwa mabomu siku 78 mwaka 1999, Djokovic alitimiza miaka 12 akiwa Belgrade, na amesimulia mwenyewe jinsi walivyokimbilia chini ya jengo la babu yake usiku. Na ile fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019, iliyokaribia saa tano, uwanja karibu wote ulikuwa wa Federer. Djokovic aliokoa pointi mbili, ambazo moja tu kati yake ingempa mwenzake kombe, kisha akashinda. Aliyewahi kuishi mahali ambapo hakuna anayemshangilia anaelewa ndugu yetu alikuwa anasema nini.

Mwenzake wa kutoka Kigali, ambaye ni wa Federer, akajibu kwa mambo mengine ambayo nayo ni kweli. Kwamba Djokovic alirudishwa kutoka Australia Januari 2022 kwa sababu ya suala la chanjo ya korona. (Hapo chanjo ikachukua nusu saa nzima. Dada zetu wanaofanya kazi hospitalini wana la kusema juu ya hilo, na wana haki ya kulisema.) Kwamba mwaka 2023 huko Paris aliandika kwenye kioo cha kamera kuwa Kosovo ni moyo wa Serbia, wakati Waalbania wa Kosovo nao wana makaburi yao. Ardhi ni ya nani, mpaka ulichorwa na nani, nani alivuka kwa kusema anawalinda ndugu zake walio ng'ambo. Mkifika kwenye maswali hayo mkiwa na watu wa Maziwa Makuu mezani, kutoka Kosovo hadi Kivu ni hatua moja. Goma iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Hakuna aliyepiga kelele siku ile. Kila mmoja alichukua kikombe chake akasogea.

Mtume Paulo aliwaandikia watu wa mji wa michezo. Karibu na Korintho kulikuwa na mashindano makubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na ule mfano wa mbio na ngumi katika sura ya 9 hakuutoa mbali. Alikaa kwao mwaka mmoja na nusu, kama tunavyosoma katika Matendo 18. Alipoondoka akaja Apolo wa Aleksandria, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, na kanisa likagawanyika kimashabiki. Huyu akajiita wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Na mwingine akasema yeye ni wa Kristo tu, na kwa maoni yetu huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kukaa naye mezani.

Angalieni Paulo anavyojibu. Hasemi kwamba wahubiri wote ni sawasawa. Katika sura ya 2 anaeleza wazi kwamba yeye hakuwajia kwa ufasaha wa maneno. Katika sura ya 3 anasema mmoja alipanda, mwingine akatia maji, na anayekuza ni Mungu. Aliyelima anajua kupanda si kumwagilia. Mkono unashika kitu kingine, mgongo unainama vingine. Mitindo ni miwili kweli, na Paulo hana shida na mtu kupenda mmoja zaidi. Anachokikataa ni kale kaneno kadogo, “wa”. Mimi ni wa fulani. Mwisho wa sura ya 3 anakageuza: si wao walio mali ya Paulo au Apolo au Kefa, bali hao wote ni mali yao, nao ni wa Kristo. Shabiki anadhani amemchagua mchezaji, kumbe amejikabidhi kwake, na akishajikabidhi hawezi tena kusikia neno baya juu yake bila kuona ametukanwa yeye na mama yake.

Wala wahubiri wenyewe hawakuwa na ugomvi. Katika sura ya 16, mstari wa 12, Paulo anasema amemsihi sana Apolo aende tena Korintho. Mtu anayemwonea mwenzake kijicho hamsihi aende kwa mashabiki wake. Na wale wa kwetu wa siku hizi, mliwaona wenyewe. Septemba 2022, hapa hapa London, Federer alicheza mechi yake ya mwisho, ya wawili wawili, na mwenzake upande wake wa wavu alikuwa Nadal. Walishindwa. Baadaye waliketi kwenye benchi wakilia, wameshikana mikono. Djokovic alikuwa kwenye timu hiyo hiyo, jukwaa hilo hilo.

Sasa wapo wanaosema dawa ni rahisi: siasa zipigwe marufuku kwenye chai. Wameleta hoja hiyo kwa wazee wa kanisa, na kwa nia njema. Hatukubaliani nao. Mwaka 1974 India ilifika fainali ya Davis Cup, kombe la mataifa la tenisi, ikakataa kucheza na Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kombe likaenda Afrika Kusini bila mpira kupigwa. Hatujui mzee yeyote wa Kiafrika anayesema Wahindi wale waliharibu mchezo. Kuna siku ambapo kucheza tu, kana kwamba hakuna kitu, ndiko kunakokuwa uongo.

Na tena, ndugu wa Bukavu alipotaja Bukavu hakuleta siasa. Alimleta mama yake, ambaye yuko kule, na ambaye simu yake kwa majuma kadhaa ilikuwa haipatikani. Ndugu wa Kigali naye, kabla ya kujibu habari za mipaka, hakusema kwamba mwaka 1994 alikuwa na miaka tisa, na kwamba katika nyumba yao alibaki yeye na shangazi. Wengine mezani pale hawakulijua hilo, miaka yote hii. Walijua anampenda Federer. Hapo ndipo tunapoliona jeraha la jambo hili. Mambo mazito ya wawili hawa yalipita kwa Djokovic na Federer, kwa Kosovo, kwa chanjo ya Australia, kwa sababu mlango wa mchezo ulikuwa wazi na ule mwingine ulikuwa umefungwa. Tukifunga na huo wa mchezo, watanyamaza kabisa.

Hatusemi kwamba ukishajua msiba wa mtu basi hoja yake imekuwa sahihi. Kuna wenye silaha na kuna wanaokimbia na magodoro kichwani, na Mungu hawachanganyi hao wawili. Manabii wasomeni wenyewe. Tunachosema ni kwamba si mmoja wa wanywa chai wetu aliyeuteka mji.

Liko jambo lingine la tenisi ambalo limetufundisha kuliko vikombe vyote. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Elina Svitolina, mzaliwa wa Odesa, hawapi mkono wachezaji wa Urusi na Belarusi mwisho wa mechi. Juni 2023 huko Paris, alipofungwa na Aryna Sabalenka wa Belarusi, Sabalenka alisimama wavuni akingoja. Svitolina akapita, na watu wakamzomea. Mwezi uliofuata Wimbledon, Svitolina alimshinda Victoria Azarenka, naye ni wa Belarusi. Azarenka alijua mkono hautatakiwa, hakwenda kuulazimisha. Aliinua mkono wake kwa heshima kutoka mbali, akaanza kuondoka. Watu wakamzomea yeye pia! Walipokosa kuona mikono ikikutana, walijua tu lazima yuko mwenye adabu mbaya.

Kila Jumapili nasi tunapeana mkono wa amani, na tunaupenda, watoto wanaupenda zaidi. Lakini tumeona mama mmoja amehamia benchi la mwisho karibu na mlango, na wakati wa amani ukifika huenda msalani. Yeye ni wa Uvira. Wapo waliomnong'ona. Kunong'ona huko ni kuzomea kwa Kiswahili.

Katika Mathayo 5 Bwana Yesu anamzungumzia mtu aliye madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Tunausoma mstari huo haraka mno. Anayeambiwa aiache sadaka na kwenda si yule aliyeumizwa. Ni yule ambaye mwenzake ana neno juu yake. Aliyeumizwa haambiwi pale anyanyuke, atabasamu, anyooshe mkono ili ibada iendelee vizuri. Anafuatwa alipo. Na sadaka inangoja, hata kama kwaya imekwisha panga mistari.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana hivi. Kuanzia Jumapili hii, wakati wa amani, anayetaka kubaki ameketi atabaki, na anayepita mbele yake atainamisha kichwa na kuendelea. Asiulizwe. Watoto waelezwe nyumbani kabla ya kuja. Mchungaji na mzee mmoja watamtembelea yule mama wiki hii, ikiwa atapenda, nao wataongozana na dada wa Kinyarwanda ambaye mwenyewe aliomba kwenda.

Fainali ya wanaume itaonyeshwa ukumbini baada ya chai. Chumba kidogo cha Shule ya Jumapili kitakuwa wazi tangu ibada itakapokwisha kwa maombi ya wenye ndugu Kivu, upande wowote wa mpaka, na kila atakayeingia atasema majina ya watu wake kabla ya jina la nchi yake. Ndugu zetu wawili wa kona ya jiko wameombwa, kila mmoja peke yake, waanzie huko. Mmoja amekubali. Mwingine ametuambia tusimngoje, lakini tusifunge mlango.